Damu Iliyokatazwa Kuganda

Mke wangu alikuwa mpishi wa shughuli. Nyamirambo nzima, upande wetu wa Kigali, walimjua. Mtu akiozesha binti, akifanya hitima ya baba yake, akipata wageni kutoka Bujumbura au Bukoba, alimtuma mtu barazani kwangu, pale nilipokuwa nashona, aniambie: mwambie mama aje na masufuria yake. Masufuria yalikuwa yake kweli, mengine makubwa kiasi cha kumwogeshea mtoto, na visu vyake alivinoa mwenyewe kwenye jiwe nyuma ya nyumba, akipitisha kidole gumba kwenye makali ili kuvijaribu. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea vitu vyenye ncha, lakini kile kidole kilikuwa kinanitisha. Alikuwa ananicheka.

Nyumbani tulisema Kiswahili, kama familia nyingi za mtaa wetu wa Biryogo, na Kinyarwanda tulipogombana au tulipotaniana. Tulikaa miaka kadhaa bila mtoto. Binti yetu alizaliwa mwaka 1990, miezi michache kabla vita havijaanza huko mpakani.

Mke wangu akiwa bado ndani ya arobaini, mguu wake mmoja ulivimba, kuanzia kwenye kigimbi. Uliuma, ukawa na joto. Mama yangu, aliyekuja kumhudumia mzazi, aliukanda kwa maji ya moto na mafuta kila asubuhi, akisema ni uchovu wa kujifungua. Uvimbe ukapungua. Tulishukuru, tukasahau. Muda mrefu baadaye ndipo nilipoelewa kwamba uchungu ule haukuondoka. Ulikuwa umehama.

Shughuli yake ya kwanza baada ya kujifungua ilikuwa harusi kule mtaa wa Gatsata, nyumba iliyokaa juu kabisa ya mteremko, mahali ambapo gari halifiki. Nilikwenda kumsaidia kubeba. Alipanda hatua chache akasimama. Akapanda tena, akasimama. Mwenzake wa jikoni, mwanamke mkubwa kwake kidogo aliyezoea kumwita mdogo wangu, alikuwa mbele na sufuria kichwani, akageuka.

"Nini, mdogo wangu? Uzazi umekufanya bibi kizee?"

"Nipeni nafasi nipumue," akasema. Akaliweka chini sufuria lake, akaligeuza, akakaa juu yake. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, kama mtu aliyekula matunda pori. Kisha akainuka kwa sababu ya aibu, watu walikuwa wanatazama, na kabla hatujafika uani akaanguka kifudifudi. Alizinduka haraka. Alipika pilau ile yote akiwa amekaa, na watu waliisifu. Lakini njiani kurudi nilimshika mkono, jambo ambalo hatukuwa tukilifanya barabarani, naye hakuuondoa.

Kigali ni mji wa kupanda na kushuka. Huwezi kwenda msikitini, sokoni, bombani, wala kwa jirani bila kilima. Kabla ya ugonjwa huo sikuwahi kuviona vile vilima. Sasa nilivihesabu kama maadui. Kutoka bombani hadi mlangoni kwetu palikuwa na ngazi za udongo ambazo mtoto wa jirani alizipanda akiruka kwa mguu mmoja. Mke wangu alizipanda kwa kukaa.

Tulihangaika. Zahanati ya kwanza ilisema pumu. Ya pili ilimpima kifua kikuu, na wakati tunangojea majibu watu waliacha kunywa kwenye vikombe vyetu. Majibu yakaja hana, lakini vikombe viliendelea kukaa kabatini. Mganga mmoja kijana alimsikiliza moyo kwa haraka akaniita pembeni.

"Wanawake wengine wakizaa akili inayumba," akasema. "Anaogopa, basi anapumua vibaya. Ungempeleka Ndera wakamtazame."

Ndera kila mtu alijua ni hospitali ya wagonjwa wa akili. Nilimwambia mke wangu kwamba mganga hajui. Akanitazama.

"Amesema mimi ni mwendawazimu, sivyo?"

"Amesema unaogopa."

"Kweli naogopa. Mtu akishikwa shingo, haogopi?"

Mama yangu aliamini ni kijicho cha watu wa shughuli, akamletea maji yaliyosomewa. Aliyanywa. Alikuwa tayari kunywa chochote.

Mwezi wa kumi vita vilianza, mji ukabadilika. Watu walikamatwa, wengine walirudi wamekonda, wengine hatukuwaona tena. Kukawa na saa za kutotoka nje na vizuizi barabarani. Kitambulisho cha mke wangu kilikuwa na lile neno la kabila ambalo siku hizo halikutakiwa. Changu kilikuwa na lile lingine. Tulikuwa tumeoana bila kulifikiria sana jambo hilo. Kuanzia wakati ule hatukuacha kulifikiria.

Katikati ya hayo ndipo tulipompata daktari aliyejua. Alikuwa Mzungu mzee katika hospitali moja ya mjini, ambaye aliishi Bukavu miaka mingi na kusema Kiswahili cha huko. Alimpiga picha, akampima moyo kwa mashine yenye waya, akaubonyeza ule mguu uliowahi kuvimba na kuuliza maswali juu yake ambayo hakuna aliyewahi kuuliza. Kisha akatukalisha wote wawili.

"Bibi yako iko na damu yenye iliganda mu muguu," aliniambia. "Kisha ikapanda mu mapafu, ikafunga njia. Sasa moyo inasukuma, inasukuma, lakini mulango iko nusu ya kufunga. Unaelewa? Presha. Lakini haiko presha ya mukono, yenye wanapima na mupira. Ni presha ya ndani ya mapafu."

"Atapona?" nikauliza.

"Atakunywa dawa."

Nilirudia swali. Alirudia jibu, kwa upole, na mke wangu akaweka mkono juu ya goti langu ili nisiulize mara ya tatu.

Alimwandikia dawa ya kupunguza maji mwilini, na vidonge vidogo vya kuzuia damu isigande. Hivi vya pili alivieleza kwa muda mrefu. Vikizidi, damu itatoka bila kusimama. Vikipungua, itaganda tena na huenda isimpe nafasi nyingine. Kwa hiyo lazima aje apimwe damu mara kwa mara. Asimeze aspirini. Asichomwe sindano ya matako wala ya paja kwa ugonjwa wowote. Mboga za majani ale kwa kiasi kilekile siku zote, maana mboga zinashindana na dawa. Na asibebe mimba.

"Mimba hapana kabisa," akasema, akitutazama kwa zamu. "Mimba itamuua."

Mimi nikasema, "Daktari, huyu ni mpishi. Kazi yake ni visu."

Akashika mkono wa mke wangu, akakitazama kile kidole gumba chenye makovu madogo madogo. Akamrudishia mkono wake.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuishi. Sijui niite maisha ya namna gani. Visu vilihamia kwa mwenzake wa jikoni, ambaye sasa alikata vitunguu na nyama huku mke wangu amekaa kwenye kiti akionja na kuamuru. Watu waliendelea kumwita kwa muda, kwa heshima. Kisha waligundua kwamba moshi unamkata pumzi na kwamba mpishi anayekaa anawatia wageni wasiwasi. Wakaanza kumwita yule mwenzake peke yake. Mwenzake alikataa shughuli mbili tatu kwa ajili yake, mpaka mke wangu mwenyewe alipomkaripia.

"Nenda, dada. Nikiwa mimi nimekufa jikoni, wewe usife nami."

Isombe ilikuwa chakula alichokipenda kuliko vyote, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa mpaka yalegee, pamoja na karanga. Sasa aliila kwa kijiko, kiasi kilekile, siku zilezile. Mtu ambaye maisha yake yote alipika kwa kuangalia na kunusa, asiyepima chochote, aliambiwa apime majani. Siku moja alirusha sahani ukutani. Tulisikia majani yakiteleza chini. Mtoto, aliyekuwa ameanza kutambaa, akaenda kuyachezea, na mama yake akacheka hadi akakosa pumzi, na kucheka kukageuka kuwa jambo la kutisha, nikimshika mgongo, nikimwambia pole pole, pole pole, mpaka rangi irudi.

Halafu kulikuwa na alama. Akijigonga kidogo kwenye mlango, siku ya pili mkono ulikuwa mweusi. Mtoto akimshika kwa nguvu, vidole vyake vilibaki juu ya ngozi ya mama kama wino. Sikufikiria watu wanaonaje, hadi mwenzake wa jikoni alipokuja barazani kwangu, akasimama mbele ya cherehani, akakataa kukaa.

"Shemeji, nakuuliza swali na unijibu kama mtoto wa Kiislamu. Unampiga?"

Niliacha kukanyaga. "Nani?"

"Wanawake bombani wanasema. Wameona mikono yake. Na mimi nimeiona."

Nilitaka kukasirika, lakini machozi ndiyo yaliyokuja, mchana, mbele ya wateja. Nilimweleza kuhusu vidonge. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika mdomo kwa mtandio. Kutoka siku ile alipigana na kila mtu aliyetaja jina langu pale bombani. Lakini maneno yakishatoka hayarudi mdomoni. Wazee wawili wa msikiti walikuja kunikalisha na kuninasihi juu ya haki za mke. Mke wangu akatoka chumbani, polepole, akishika ukuta.

"Wazee wangu," akawaambia, "huyu ndiye ananinyanyua nikitaka kwenda choo. Mkimharibia jina, mtakuja ninyi mninyanyue?"

Waliondoka na aibu yao. Usiku ule aliniambia, bila mzaha, kwamba angependa ningekuwa nampiga kweli. "Kipigo kina mwisho," akasema.

Kuhusu watoto wengine, mama yangu ndiye aliyesema kile ambacho ukoo wote ulifikiri. Alinijia mwaka wa pili wa ugonjwa.

"Mwanangu, dini imekuruhusu. Oa mwingine. Huyu tutamtunza, hakuna anayemfukuza. Lakini wewe ni kijana."

"Nina mtoto, mama."

"Mtoto mmoja wa kike." Kisha akashusha sauti. "Na mama yake ni maiti inayotembea."

Ukuta wetu ulikuwa wa udongo, na mke wangu alisikia kila neno. Nilipoingia alikuwa amelala juu ya mito aliyoipanga mirefu, maana kulala chali hakuweza tena.

"Oa," akaniambia.

"Sitaki."

"Mimi ndiye sitaki," akasema. "Lakini oa. Nikifa hutajua hata kumsuka nywele mtoto."

Sikuoa. Wala sisemi hivyo ili nisifiwe. Mtu aliyekuwa nami nyumba moja wakati ule asingeweza kufikiria harusi. Tulikuwa tunasikiliza pumzi, yeye ya kwake, mimi ya kwake.

Safari za kwenda kupimwa damu ndizo zilizotumaliza. Teksi ilisimamishwa kwenye kizuizi, abiria wote wakateremshwa, vitambulisho vikakusanywa. Kawaida walitazama tu cha mke wangu, wakanitazama mimi, wakasema neno chafu, wakaturuhusu. Siku moja askari kijana alimwamuru akae chini kwenye tope na wengine waliokuwa na neno lile, miguu imenyooshwa mbele. Mke wangu hakuweza kukaa hivyo bila kitu cha kuegemea. Alianza kuhema.

"Mgonjwa huyu," nikasema kwa Kinyarwanda. "Ana moyo."

"Kila mtu ana moyo," akajibu yule askari, na wenzake wakacheka. Akafungua mfuko wa mke wangu, akatoa chupa ya vidonge. "Hii ni nini?"

"Dawa ya damu. Inazuia isigande."

Akaitikisa chupa, akasikiliza mlio wake. Ni kama jambo hilo lilimvutia. "Kwa hiyo mtu huyu ukimkata haachi kutoka damu?"

Mke wangu, akiwa chini kwenye tope, akamjibu mwenyewe, maneno yakikatika kwa kukosa pumzi: "Ndiyo. Kazi yako... imekuwa rahisi."

Nilijua kwamba ametuua. Lakini yule askari alirudisha chupa mfukoni, akautupa mfuko mapajani mwake, akageukia gari lililofuata. Tulipofika hospitali, damu ikapimwa, daktari akasema iko vizuri safari hii, kiasi chake kizuri. Alifurahi. Sisi tulikaa pale mbele yake na tope kwenye nguo zetu tukashindwa kufurahi naye.

Daktari yule aliondoka mwaka 1993. Wengi wao waliondoka, vita viliposogea karibu na mji. Alituachia maelezo kwa daktari mwingine, kijana mzuri lakini mwenye wagonjwa wengi mno, na akamshika mke wangu mikono yote miwili. "Jikaze, mama," akamwambia. Mke wangu alimshukuru. Nje aliniuliza, "Sasa nijikaze wapi?"

Mvua za mwaka huo zilipokuja alishikwa na malaria. Mimi nilikuwa nimekwenda kupeleka nguo za mteja upande wa pili wa mji. Mama yangu alimkuta anatetemeka, hajitambui vizuri, akafanya kile ambacho mama yeyote angefanya: alimtafutia mtu wa kumbeba, akampeleka kwenye zahanati ndogo ya karibu, wakamchoma kwinini kwenye paja. Mama hakujua. Nilikuwa nimemweleza habari za mboga na visu, na labda nilimweleza na za sindano pia, sikumbuki. Yeye alikuwa ametibiwa malaria kwa sindano maisha yake yote.

Nilipomfunua jioni, paja lilikuwa limekuwa kubwa kama la mtu mwingine. Ngozi ilikuwa imekaza na kung'aa, nyeusi kuanzia nyongani hadi gotini. Alikuwa akilia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tulimkimbiza hospitali kwa pikapu ya jirani. Walisema damu yake yote inaingia ndani ya nyama ya mguu. Wakamwongezea damu ya mtu mwingine, wakasimamisha vidonge. Alikaa wodini wiki kadhaa, mama yangu akilala sakafuni chini ya kitanda chake na kukataa kurudi nyumbani. Siku moja nilimkuta anambusu nyayo.

"Niache, mama," mke wangu alikuwa akimwambia. "Wewe ulitaka nipone. Inatosha."

Mguu ulipona, lakini vidonge vilikuwa vimesimama muda mrefu, na kitu kingine kilikuwa kimetokea ndani ya kifua. Yule daktari kijana alinieleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kinyarwanda, ingawa nilikuwa nimeelewa tangu mwanzo kwa kumtazama usoni. Mabonge mapya. Akarudishiwa vidonge, kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo. Wakati huo dawa zilikuwa adimu Kigali, na sisi tulizipata kwa dereva wa lori aliyezileta kutoka Bujumbura. Mwezi wa kumi Burundi nayo ikachafuka, rais wao akauawa, barabara zikajaa wakimbizi. Dereva hakurudi tena. Sikupata kujua kama alikufa au aliacha njia ile.

Nilizunguka maduka yote ya dawa mjini. Wengine walikuwa nazo kidogo, wengine walinipa nyingine yenye jina linalofanana, nikairudisha. Mke wangu alianza kumeza kidonge nusu, kisha robo, nikikikata mimi kwa wembe wa kukatia nyuzi. Miguu yake ilivimba ikawa haiingii viatu. Tumbo nalo likavimba. Wanawake bombani walisema ana mimba, wakatupongeza.

Binti yetu alikuwa na miaka mitatu na kitu. Alijifunza mapema kwamba mama habebi. Alikuwa akija, akiweka kichwa chake kwenye ukingo wa kitanda na kusimama hivyo hivyo, mikono nyuma, kama mtu mzima anayesikiliza hotuba. Mke wangu alimfundisha kupika kwa maneno tu. Kitunguu kwanza, mpaka kibadilike rangi. Usikichome. Sasa nini? Mtoto alijibu, "Sasa vitunguu saumu." Nikisikia hivyo nilikuwa natoka nje.

Mwezi wa pili mwaka 1994 wanasiasa waliuawa mjini, magari yakachomwa, siku kadhaa watu hawakuweza kuvuka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Ndizo siku ambazo mke wangu alizidiwa. Nilitoka asubuhi kutafuta gari, nikafika kwenye kona, vijana wenye marungu wakanirudisha. Nikajaribu njia ya chini, nikarudishwa. Niliporudi, mwenzake wa jikoni alikuwa amempakata kwa nyuma, mgongo wa mke wangu juu ya kifua chake, akimpepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Umepata gari?" mke wangu aliuliza.

"Linakuja," nikasema.

Alinitazama, akajua. "Kaa basi," akasema. "Umechoka."

Nikakaa chini kando ya miguu yake, nikaishika. Ilikuwa baridi na mizito, vidole vikiacha mashimo pale nilipobonyeza. Aliniuliza kama mtoto amekula. Nikasema amekula. Alipumua kwa nguvu, akapumzika, akapumua, akapumzika, na mojawapo ya mapumziko yale lilikuwa refu kuliko mengine. Mwenzake aliendelea kupepea kwa muda. Mimi ndiye niliyemwambia aache.

Alizikwa siku iliyofuata. Wanawake wa mtaa walikuja licha ya hatari, wakamwosha. Mwenzake alitoka pale wanapooshea, mikono imelowa, akasema kwa mshangao kwamba mwili hauna alama hata moja, ngozi imetakata kabisa, kama kabla ya vidonge. Nilishona mwenyewe vipande vya sanda vilivyohitaji kushonwa. Tulimbeba wanaume kwa kupokezana mpaka makaburini, na tulipofika kwenye kilima nilishangaa jinsi tulivyopanda haraka.

Kisha ukaja mwezi wa nne. Yaliyotokea watu wote wanayajua, na sitayasimulia. Mimi na binti yangu tulipona. Mama yangu alipona. Mwenzake wa jikoni hakupona. Kitambulisho chake kilikuwa na neno lile. Kati ya wanawake waliomwosha mke wangu niliwatafuta mmoja mmoja, nikampata mmoja tu, naye hakutaka kuzungumza.

Watu waliponiona baadaye waliniambia kwamba Mungu alimpenda mke wangu. Alikufa kitandani, walisema, amezungukwa na watu wake, akaoshwa, akavishwa sanda, akasaliwa. Ni nani mwingine aliyepata hayo? Asingeweza kukimbia hata hatua kumi. Na damu ile isiyoganda. Walikuwa wakifika hapo wakanyamaza. Walisema kweli. Lakini nilikuwa nikilala kitandani mchana, uso ukutani, nikijaribu kumlilia, na kilio hakikuja. Kila nilipoanza, niliona aibu. Kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na wafu wasiohesabika, na mimi nilitaka kulilia mtu mmoja aliyekufa kwa ugonjwa.

Mwezi wa saba, mji ulipoanza kujaa watu waliorudi kutoka Uganda na Tanzania, alikuja mwanamke mmoja mtaani, mgeni, mwenye Kiswahili safi cha Tanzania, akiwauliza watu waliobaki habari za waliouawa. Tulikaa kwenye baraza la duka lililovunjwa milango. Alikuwa mpole. Zamu yangu ilipofika akaniuliza nimempoteza nani.

"Mke wangu," nikasema.

"Pole sana, kaka. Walimuua wapi?"

"Hawakumuua. Aliumwa. Mapafu na damu. Mwezi wa pili."

"Ah," akasema. "Kabla ya hapo."

"Kabla."

Aliniwekea mkono begani, kidogo tu, akaniambia pole mara ya pili. Kisha akamgeukia mzee aliyekaa kando yangu, na mzee akaanza kuwataja wake.